Tathmini ya Wingly: kupanda ndege ndogo ya rubani binafsi kwa kuchangia gharama

Wingly ni jukwaa la mtandaoni lililoanzishwa Ufaransa mwaka 2015. Rubani mwenye leseni binafsi anatangaza safari yake na viti vilivyobaki wazi, nawe unachagua kiti, unalipa mchango wako mtandaoni, mnakutana kiwanjani. Kwa Mswahili aliyeko Lyon, Köln au Brussels, hakuna njia rahisi zaidi ya kuliona bonde la Loire au mto Rhine kutoka juu kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili.

Tunaanza na hukumu, asiye na muda aondoke nayo. Safari ya kupaa, kuzunguka na kurudi kiwanja kilekile: nyota nne kati ya tano. Safari ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine ukiwa na miadi inayokusubiri: nyota mbili, na hata hizo mbili ni kwa sababu mandhari ni nzuri. Sababu haiko kwenye tovuti. Tovuti inafanya kazi vizuri, na rubani akifuta safari unarudishiwa pesa. Sababu ni kwamba huyu si mtoa huduma wa usafiri. Ni mtu anayeruka kwa starehe yake, chini ya kanuni za starehe, nawe umekubali kuwa rafiki yake kwa saa moja.

Kanuni zenyewe ni fupi. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni namba 965/2012 ya uendeshaji wa ndege, iliyoongezewa kipengele hiki mwaka 2014, unaruhusu watu binafsi kuchangiana gharama za safari kwenye ndege ndogo za kawaida kwa masharti mawili makubwa: gharama za moja kwa moja za safari zigawanywe kwa wote waliomo ndani, rubani akiwemo, na wanaochangia wasizidi watu 6. Gharama za moja kwa moja ni mafuta, ada za kiwanja na malipo ya kukodi ndege. Faida hairuhusiwi hata senti moja. Rubani halipwi muda wake, hatozi kwa kupiga picha, wala haongezi "kidogo cha matengenezo".

Hapo ndipo tunaposhauri mnunuzi aanze kuuliza, maana bei ndiyo inayofichua kama safari iko ndani ya kanuni au nje.

Chukua mfano. Ndege ya viti vinne imekodiwa klabuni kwa euro 220 kwa saa, mafuta yakiwa ndani ya bei. Tangazo linasema dakika 55 hewani. Klabu nyingi huhesabu muda tangu injini inapowashwa hadi inapozimwa, kwa hiyo ongeza dakika 15 au zaidi za kutembea ardhini, kupasha injini moto na kusubiri zamu: jumla saa 1.2. Mara 220 ni euro 264. Ada ya kutua, tuseme 24. Jumla 288, gawa kwa wanne, kila mmoja 72. Abiria watatu wakilipa 72 kila mmoja na ada ya jukwaa ikiwa juu yake, hesabu imekaa sawa. Wakilipa 96 kila mmoja, rubani amepanda bure, na hapo amevuka mstari: sharti linasema naye achangie.

Kasoro ya kanuni ya Ulaya ni kwamba inasema rubani achangie bila kutaja kiasi gani. Rubani mjanja anaweza kuweka euro 5 akasema ametimiza. Kwetu sisi kipimo ni kimoja: rubani abebe fungu lililo sawa na la kila abiria, au zaidi. Swali la kumuuliza ni jepesi na halimuudhi mtu mwaminifu: "Ndege hii unaikodi kiasi gani kwa saa?" Atakujibu mara moja, kwa sababu kila rubani anayekodi anaijua bei hiyo kuliko namba yake ya simu.

Kwa rubani mwenye ndege yake hesabu inabadilika sana, na wengi hawalitambui hili. Yeye halipi kodi ya saa. Bima ya mwaka, ukaguzi wa mwaka na banda la kuegeshea ni gharama zake hata ndege isiporuka, hivyo hazigawanywi. Injini ya ukubwa wa ile ya Piper PA-28, ndege ndogo ya viti vinne, hunywa takriban lita 36 kwa saa. Mafuta yakiwa euro 2.50 kwa lita, hiyo ni 90. Ongeza ada ya kutua 24, jumla 114, na kwa watu wanne ni chini ya euro 29 kila mmoja. Mwenye ndege anayetoza 72 ileile ya mtu wa klabu ana maelezo ya kutoa.

Ada ya jukwaa ni jambo tofauti. Hiyo ni ya Wingly, haiingii mfukoni mwa rubani, na haimfanyi rubani awe mfanyabiashara.

Tukishamaliza pesa, tuje kwenye uzito, ambako safari nyingi za marafiki huharibika kabla hata ya injini kuwashwa. Ndege ya viti vinne si ndege ya watu wazima wanne. Cessna 172S, ambayo utaikuta karibu kila klabu, inaruhusiwa kupaa ikiwa na uzito usiozidi kilo 1,157. Ikiwa tupu, pamoja na redio na vifaa vyake, huwa karibu kilo 770. Namba kamili iko kwenye karatasi za ndege husika. Zinabaki kilo 387 za watu, mizigo na mafuta. Watu wanne wa kilo 80 wamechukua 320. Zimebaki 67, na kwa kuwa lita moja ya mafuta ya ndege hizi ina uzito wa kilo 0.72, hizo ni lita 93. Kwa lita 36 kwa saa, mna saa mbili na nusu na kidogo. Toa dakika 45 za akiba, zimebaki saa moja na dakika 50. Inatosha kwa mzunguko wa saa moja, lakini hakuna begi hata moja lililohesabiwa humo.

Sasa angalia kinachotokea kiwanjani. Klabu nyingi zina utaratibu wa kujaza tangi kila ndege inaporudi. Matangi ya 172S yakijaa yana takriban lita 200 zinazotumika, kilo 145. Toa kwenye 387, zimebaki 242: watu watatu. Rubani aliyepanga watu wanne anafika asubuhi anakuta tangi limejaa, na kunyonya mafuta kutoka ndege iliyojazwa ni usumbufu ambao klabu nyingi hazikubali. Mmoja wenu atabaki chini. Rubani makini hupiga simu klabuni jioni iliyotangulia na kuomba ndege isijazwe. Ukitaka kumpima kabla ya kulipa, muulize: "Tukiwa wanne, mafuta utaweka lita ngapi?" Akikuambia "tutajaza tu", tafuta tangazo jingine.

Ndiyo maana utaulizwa kilo zako, na usione aibu. Jibu la kweli ni uzito wako ukiwa umevaa nguo, viatu na koti, pamoja na begi la mkononi na kamera. Wanne wakijipunguzia kilo 7 kila mmoja, ndege imezidi kwa 28 na rubani hajui. Uzito ukizidi, ndege inahitaji kasi kubwa zaidi ili mbawa ziibebe, inakula njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikishanyanyuka inapanda polepole wakati miti ya mwisho wa kiwanja haijasogea.

Mpangilio nao una uzito wake, kama mtumbwi unavyotaka watu wakae kwa kupimana. Wawili wazito wakikaa nyuma na begi zito likawa nyuma yao, kitovu cha uzito kinarudi nyuma. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, pua inapenda kupanda, na ndege ikipoteza nguvu ya mbawa inakuwa ngumu kuirudisha. Kwenye 172S sehemu ya mizigo haipaswi kupita kilo 54 hata kama ina nafasi. Rubani akiwapanga upya dakika ya mwisho, mzito mbele na mwepesi nyuma, huko si kuwabagua. Na mtoto aliyetimiza miezi 24 anahitaji kiti chake na mkanda wake, hapakatwi.

Kuhusu rubani mwenyewe, ukurasa wa safari huonyesha jumla ya saa alizoruka na maoni ya waliomtangulia. Saa hizo tunazichukulia kwa tahadhari. Mtu mwenye saa 900 zilizokusanywa kwa miaka thelathini anaweza kuwa ameruka saa tano tu mwaka huu. Mwenye saa 150, ambazo 50 kati yake ni za miezi kumi na miwili iliyopita, ndiye tungekaa naye. Sheria inatoa kiwango cha chini tu: ili abebe abiria Ulaya, rubani awe amepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita kwenye ndege ya aina au daraja hilohilo. Kwa safari ya usiku, angalau mara moja kati ya hizo iwe usiku, isipokuwa ana kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya dashibodi bila kutegemea kuona nje.

Mara tatu ni kidogo sana. Rubani anaweza kuzikamilisha peke yake ndani ya nusu saa, siku isiyo na upepo, ndege ikiwa nyepesi. Kisha anawapakia watu watatu, na ndege anayotua nayo ina kilo 240 zaidi ya ile aliyofanyia mazoezi: inakuja kwa kasi zaidi, inahitaji breki zaidi, na ikibidi kughairi kutua na kupaa tena, inapanda kwa uvivu. Kwa hiyo usiulize "una leseni?", hiyo jukwaa limeshaiangalia. Uliza "mara ya mwisho kuruka ndege ya aina hii ukiwa na abiria ilikuwa lini?"

Mengine ya rubani tupite haraka. Kibali chake cha ndege za injini moja hudumu miaka 2 na huhuishwa kwa mtihani au kwa saa 12 za kuruka ndani ya miezi 12 ya mwisho, zikiwemo saa 6 akiwa rubani mkuu, kupaa mara 12 na kutua mara 12, pamoja na saa moja na mwalimu. Cheti cha afya cha daraja la 2 hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40, miezi 24 hadi afike 50, kisha kila mwaka. Mwenye leseni ndogo ya LAPL hawezi kubeba zaidi ya abiria 3, na haruhusiwi kubeba yeyote mpaka awe ameruka saa 10 akiwa rubani mkuu baada ya kupata leseni. Mwanafunzi habebi abiria kabisa, hata ndugu yake.

Hali ya hewa ndiyo inayoishushia huduma hii nyota kwa safari za mji hadi mji. Marubani wengi wa jukwaa hili huruka kwa macho: wanahitaji kuona ardhi na kukaa mbali na mawingu. Ukungu wa Novemba kwenye mabonde ya Ulaya unaweza kukaa siku tatu. Rubani anaweza kufuta saa mbili kabla, na ana haki. Anaweza pia kuwafikisha mnakoenda mchana, jioni mawingu yakashuka, mkalala huko. Gharama ya hoteli na treni ni juu yenu, kwa sababu hakuna aliyewauzia tiketi ya kurudi. Kwa hiyo weka siku mbili za akiba, usiunganishe safari hii na ndege ya kwenda Dar es Salaam kesho yake, na wakati wa kiangazi chagua asubuhi, kwa kuwa mchana jua likishapasha ardhi hewa huchemka na wa nyuma ndio wanaotapika kwanza.

Rubani anayefuta ndiye wa kumpa maoni mazuri. Tunalisema kwa sababu mfumo wa nyota una hila: abiria aliyekasirika kwa kufutiwa anaandika maneno makali, rubani anayasoma, na safari ijayo anajilazimisha. Rubani binafsi kuingia mawinguni bila mafunzo ya kuruka kwa vyombo ni miongoni mwa njia za zamani zaidi za kufa kwa ndege ndogo, na mara nyingi nyuma yake kuna mtu aliyekuwa anasubiri kufikishwa.

Ajali iliyomuua mchezaji wa soka Emiliano Sala, 21 Januari 2019, inatajwa sana kila huduma hizi zinapozungumzwa, ingawa safari ile haikuwa ya kuchangia wala ya Wingly. Ilikuwa safari ya kulipiwa, usiku, kutoka Nantes kwenda Cardiff, kwenye Piper Malibu iliyosajiliwa Marekani, na si rubani wala ndege aliyekuwa na ruhusa ya biashara. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kuwa rubani alipoteza udhibiti akigeuza ndege kwa mkono, huenda akijaribu kubaki nje ya mawingu, na ndege ikavunjika angani ikiwa kwenye kasi kubwa mno. Walikuta pia sumu ya kaboni monoksidi kwenye damu ya Sala, asilimia 58, na wakaona yaelekea rubani naye aliathirika. Mratibu wa safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021.

Funzo la vitendo kwa mnunuzi ni kifaa kidogo cha kugundua kaboni monoksidi. Hewa ya kupashia moto chumba cha ndege nyingi ndogo hupitishwa kando ya bomba la moshi la injini. Bomba likipata ufa, moshi unaingia ndani ukiwa na kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kadi ya kubadilika rangi inayobandikwa kwenye dashibodi ni ya bei ndogo, lakini hufifia na muda wake huisha bila mtu kuiangalia. Kifaa cha umeme kinachopiga kelele ni bora mara nyingi zaidi. Ukiona kwenye picha za tangazo kuna kifaa hicho, mwongezee rubani alama. Kichwa kikianza kuuma huku joto limewashwa: joto lizimwe, madirisha yafunguliwe, ndege itue kiwanja cha karibu.

Siku yenyewe fika dakika 45 mapema, umekwenda msalani, na kitambulisho mkononi. Mkivuka mpaka, chukua pasipoti na kibali cha kuishi. Ndege ndogo haifuatwi kwa mbele. Propela isimame kabisa ndipo uingie au utoke, na hata ikiwa imesimama usiishike. Kwenye Piper PA-28 kuna mlango mmoja tu upande wa kulia, juu ya bawa: kanyaga sehemu yenye mpira mweusi, usikanyage vipande vya nyuma vya bawa. Aliyekaa kulia mbele ndiye wa kwanza kutoka, kwa hiyo yeye hasa ajue kufungua komeo zote mbili, ya ubavuni na ya juu.

Maelezo ya usalama kutoka kwa rubani yachukue dakika tano hivi. Yasiyopaswa kukosekana: jinsi ya kufunga na kufungua mkanda wa kiuno na wa bega, milango, kizima moto kiko wapi, mfuko wa kutapikia uko wapi, na miguu ya aliyekaa mbele ikae mbali na pedali. Mkipita juu ya maji mbali kiasi kwamba injini ikizima ndege haifiki nchi kavu kwa kuteleza hewani bila injini, kila mmoja awe na jaketi la kuokoa maisha, lisijazwe hewa mkiwa ndani. Tangu kuanza kutembea ardhini hadi mfike juu, na tena mnapokaribia kutua, kimya, isipokuwa umeona ndege nyingine. Hiyo itaje papo hapo na uonyeshe kwa kidole. Mlango ukifunguka hewani kutakuwa na kelele na upepo mkali, lakini ndege itaendelea kuruka. Waliowahi kufa kwa mlango uliofunguka, mara nyingi walikufa kwa sababu rubani alihangaika nao akaacha kuiongoza ndege. Rubani asiyetoa maelezo haya kwa sababu "safari ni fupi" mnyime nyota.

Bima: kanuni ya Ulaya namba 785/2004 inawalazimu hata wanaoruka bila biashara kuwa na bima ya abiria, na kwa ndege za hadi kilo 2,700 nchi inaweza kushusha kima cha chini mpaka SDR 100,000 kwa abiria mmoja, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Bima ya maisha uliyokata mwenyewe isome pia, maana baadhi hukataa kulipa aliyefia kwenye ndege isiyo ya shirika.

Msomaji wa Houston au Minneapolis atauliza mbona hakuna Wingly ya Marekani. Ilijaribiwa. Kampuni za AirPooler na Flytenow ziliomba ufafanuzi, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikazijibu mwaka 2014 kwamba rubani anayetangaza viti kwa umma anafanya kazi ya shirika la ndege bila cheti. Flytenow ilikwenda mahakamani ikashindwa Desemba 2015, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka 2017. Kwa hiyo huko hakuna kiti cha kununua mtandaoni kwa mtu usiyemjua.

Kilichobaki Marekani ni marafiki wa kweli, na kanuni yake, 61.113(c), kwa maoni yetu imeandikwa vizuri kuliko ya Ulaya kwenye pesa. Inasema wazi kwamba rubani asilipe chini ya fungu lake: akiwa na abiria watatu, analipa robo au zaidi. Na vinavyogawanywa ni vinne tu: mafuta, oili, ada za kiwanja, na kodi ya ndege. FAA inadai pia rubani awe na sababu yake mwenyewe ya kwenda huko, si kuwapeleka wengine tu. Kwenda pamoja harusini ambako naye amealikwa, sawa. Kuwapeleka wachumba harusini kisha akakaa kiwanjani akiwasubiri, hapana. Hata rubani kuwaambia abiria "ninyi lipeni yote, mimi napata saa zangu tu" hakumwokoi: FAA huhesabu saa hizo za kuruka kuwa ujira.

Mwaka 2020 FAA ilitoa waraka wa ushauri, AC 61-142, unaogusa hata mitandao ya kijamii. Kuwaandikia marafiki watano unaowajua kwamba Jumamosi unakwenda mahali fulani na una viti viwili, hilo linaeleweka. Kubandika ujumbe huohuo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya nzima ya Waafrika Mashariki, lenye wanachama mamia ambao nusu yao hujawahi kuwaona, ni kujinadi, hata kama hukuandika bei. Masharti ya kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 yapo pia Marekani, na usiku kutua huko kuwe kwa kusimama kabisa. Mwenye leseni ya michezo au ya burudani habebi zaidi ya abiria mmoja.

Kwa walioko nyumbani, leseni binafsi za Kenya, Tanzania na Uganda zinafuata msingi wa Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: rubani binafsi anaruka bila ujira, kwenye safari zisizo za mapato. Kuruka na rafiki mwanachama wa klabu pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ni jambo la kawaida. Aero Club of East Africa ipo tangu 1927. Kinachobadilika ni hewa. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, na nyuzi joto zikifika 28 ndege hujiona iko karibu futi 8,400. Ile hesabu ya watu wanne na lita 93 iliyokubali Ulaya kwenye uwanda wa chini, hapa inaweza kutosha kwenye karatasi ya uzito na isitoshe kwenye jedwali la kupaa. Watatu ni wengi wa kutosha, asubuhi kabla ya saa nne.

Na akitokea mtu anayekuuzia kiti cha kwenda Maasai Mara kwa bei ya kila kichwa, hiyo ni biashara, na biashara ina cheti chake cha uendeshaji, AOC. Mwombe jina la kampuni lililoandikwa kwenye cheti hicho, ulilinganishe na jina litakaloandikwa kwenye risiti yako. Yakitofautiana, usilipe.